Muzee Kantonye Aliyetutembeza

Katika mtaa wetu wa Majengo kila mtu alimwita Kantonye, hata wale waliolijua jina lake la ubatizo. Kantonye ni mtu wa barabara: hufukia mashimo, hufyeka majani ya kando, hufungua mifereji ili mvua isiikate njia. Alikuwa na jembe, beleshi na kipande chake cha barabara kati ya Goma na Sake. Alikitunza mpaka ofisi iliyomwajiri ikafungwa, na baada ya hapo akaendelea kukitunza kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia aache. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mfupi wa mawe ya volkano ambao kuku waliuruka walivyotaka. Huyo ndiye aliyenifundisha kutembea, ingawa nilikuwa na miaka minane na nilidhani jambo hilo nimelimaliza zamani.

Mwenyewe alisema hakuzaliwa akipenda kutembea. Miezi ya kwanza ya kazi alilia kama mtoto kwa malengelenge, akamwomba mkubwa wake baiskeli, akaambiwa angoje. Alingoja karibu miaka miwili. Baiskeli ilipofika, aliipanda siku moja tu mpaka Mugunga, akarudi akiisukuma. Alimwambia mke wake kwamba siku nzima hakumsalimia mtu hata mmoja, kila sura ilimpita kabla hajaitambua, na amerudi nyumbani kama mtu aliyetoka kwenye nchi ya wageni. Baiskeli ile iliegemezwa ukutani, na Mama Zawadi, mke wake, akawa anaanikia majani ya sombe na vitenge juu yake mpaka ikaoza.

Alitembea mikono ikiwa nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama anayesikiliza. Fimbo hakuitaka. Jioni alikanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi katika beseni ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa, na ukimkuta hapo alikuambia habari za barabara: mwembe wa nani umeanguka, kalvati gani limeziba, mjane gani wa Ndosho ameanza kucheka tena. Hakuwa na redio na hakuihitaji.

Jumapili baada ya misa ya kwanza aliwatembeza watu wake. Mama Zawadi alikwenda mwanzoni, kisha vidole vya miguu vikamshinda, akawa anatusindikiza mpaka kona tu. Zawadi, binti yao wa pekee, alikuwa rika langu, na kwa ajili yake nami nikaingia katika msafara ule. Baba yangu alikuwa karani. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitini mpaka kabatini. Aliponiona nakwenda alimuuliza Kantonye ananipeleka kufanya nini huko. Kantonye akamjibu kwamba hakuna cha kufanya huko, ndiyo maana tunakwenda.

Tulikwenda Munigi, tulikwenda Kituku ziwani, tulipanda kilima cha Goma, na mara moja moja tulifika mpaka ziwa lile la kijani karibu na Mugunga, tukala viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopoa katika mfuko wake. Alikuwa na sheria zake. Usiulize tumebakiza kiasi gani. Usinywe maji mengi kwa mara moja. Anayechoka ndiye anayetangulia, ili wengine wafuate mwendo wake. Hakutushika mikono hata siku moja. Alisema mtoto anayeshikwa mkono anatembea kwa miguu ya mwenzake.

Na sheria kubwa kuliko zote alitufanya tuirudie kwa sauti kama katekisimu: "Ukiachana na benzako, usirudi nyuma, usisimame, usilie. Tembea mbele mpaka pale njia inagawanyika, ungoje pale. Mimi nitafika."

Niliijaribu sheria hiyo bila kupenda. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nimesimama kutazama watu wakipasua mbao, nilipogeuka sikumwona yeyote. Nilitembea mbele kama nilivyofundishwa, nikafika kwenye njia panda, nikasimama. Alikuja baadaye, mikono nyuma, wala hakuharakisha. Hakunigombeza. Alinipa kiazi, akaniambia sasa nimekuwa mtu. Sijawahi kupewa cheti kilichonipendeza kuliko kile kiazi.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na kiburi, na kiburi chake chote kilikuwa miguuni. Waliopanda moto, yaani pikipiki za abiria, kutoka Majengo mpaka Birere aliwaita mizigo. Hadithi aliyoipenda kuisimulia ni ya jinsi alivyokwenda Vitshumbi kumchumbia Mama Zawadi, siku nne kwa miguu, na baba mkwe, mvuvi wa pale, alipomuuliza gari limemwacha wapi, akamwonyesha viatu vyake. Tulicheka kila mara. Lakini ipo hadithi nyingine ambayo hakuisimulia yeye, aliisimulia Mama Zawadi. Kaka yake Kantonye alipofariki huko Kirotshe, jamaa walimtumia gari. Aliliacha liondoke, akasema yeye atamsindikiza kaka yake kwa miguu, ndiyo heshima. Alifika wakati watu wanajipangusa udongo wa kaburi mikononi. Wajane wa kaka yake hawakumsamehe, na nadhani yeye pia hakujisamehe, lakini Jumapili iliyofuata alivaa viatu kama kawaida.

Zawadi alikua, akaanza biashara ya nguo, akawa anapanda boti kwenda Bukavu na kurudi na mabelo, marobota makubwa. Alipata binti, Rehema, na baba wa mtoto akaenda zake. Rehema akalelewa na babu na bibi, upande wa pili wa ukuta wetu. Mimi nilikuwa nimeolewa, nimerudi na mume wangu kuishi katika nyumba ya baba, kwa hiyo nilimwona mtoto huyo akikua kama ninavyowaona wangu.

Sikupata kumwona mzee akimpenda kiumbe kama alivyompenda yule. Alikuwa mtoto mdogo wa kimo, mwenye alama kidevuni alipoangukia jiwe, na alitembea kama babu yake, mikono nyuma. Watu wa Majengo walitoka milangoni kuwatazama wakipita, mkubwa na mdogo, mwendo mmoja. Akiwa na miaka minne alikwenda Munigi na kurudi. Akiwa na sita alifika kwenye lile ziwa la kijani, na Kantonye alikuja kwetu jioni hiyo hiyo kunipa habari, akisimama ukutani na beseni lake mkononi, macho yamejaa maji. Alisema amekuwa akiogopa kwamba atakufa na barabara yake, lakini sasa amepata wa kumwachia.

Ndipo mlima wa volkano ulio juu ya mji ukatapika. Moto wake ulishuka ukasimama karibu na mji, na siku zilizofuata ardhi ilitikisika bila kupumzika, kuta zikapasuka, mpaka asubuhi moja redio ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya mji inapaswa kuondoka mara moja. Zawadi alikuwa Bukavu. Shemeji yangu alikuja na kamyoneti yake, tukapakia magodoro, sufuria, watoto wangu watatu na mama yangu. Mama Zawadi naye tukampandisha, kwa sababu ya miguu yake. Kisha, nikiwa nimeshapanda, nikainama, nikamshika Rehema chini ya makwapa, nikamwinua. Nilikuwa nimeshamkalisha juu ya godoro. Ninakumbuka sweta yake ya njano na uzito wake, ambao haukuwa mkubwa.

Kantonye alisimama nyuma ya gari akiwa na mfuko wake begani. Akaniambia: "Shusha huyo. Sisi tuko batu ba miguu."

Mama Zawadi alimsihi. Alimwambia leo si Jumapili. Mzee akasema magari yatakwama yote kabla ya Mugunga na watakaofika Sake kwanza ni wenye miguu, na kwa hilo hakukosea. Mtoto mwenyewe alikuwa ameanza kushuka, akisema anataka kwenda na Koko, ndivyo alivyomwita babu yake. Ningeweza kumkataza. Nilikuwa nimekunja miguu chini ya godoro, mtoto wangu wa mwisho amenilalia kifuani, na hapakuwa na nafasi hata ya kuhema. Nilimshusha. Na ukweli wote ni kwamba nilipomshusha niliona nafuu, nikanyoosha mguu.

Yaliyobaki niliyasikia kwa Kantonye. Barabara ya Sake siku ile haikuonekana, ilikuwa ni watu tu, na ng'ombe, na mbuzi, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba vyerehani na wagonjwa. Walitembea vizuri. Rehema alitangulia, yeye nyuma, kama walivyozoea. Walipokaribia Mubambiro kundi la ng'ombe liliingia barabarani kutoka kando, watu wakasukumana, na mwanamke aliyebeba mapacha akaanguka mbele yake. Kantonye aliinama akamwinua, akaokota mtoto mmoja, akamfungia mgongoni kwa kitenge. Aliponyanyua uso, sweta ya njano haikuwepo.

Hakuogopa. Alijua mtoto amefundishwa. Alijua yuko mbele, anatembea, na pale Sake ambapo njia moja inapanda Masisi na nyingine inafuata ziwa kwenda Minova, atamkuta amesimama. Kwa hiyo hakukimbia.

Pale njia panda palikuwa na watu wengi kuliko alivyowahi kuona maishani. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyeweza kusimama mahali pamoja, umati ulimbeba mtu kama mto unavyobeba jani, wengine ukawapeleka milimani, wengine ziwani. Alishika nguzo ya kibanda akakaa hapo siku mbili, akiita. Siku ya tatu alianza kutafuta.

Sisi wa gari tulikuwa tumefika Minova, na Zawadi alitufuata huko. Boti kutoka Bukavu zilikuwa zimejaa, alipanda nyuma ya lori la ndizi, na alifika saa ile ile ambayo baba yake naye aliingia akitoka Sake, matope mpaka kiunoni. Sisi sote tulikuwa uani. Hakupaza sauti. Aliuliza tu: "Papa, mutoto iko wapi?"

Alimweleza kila kitu, hakujitetea. Alisema kulikuwa na gari na alikataa. Sehemu yangu tu ndiyo hakuitaja. Hakusema kwamba mtoto alikuwa ameshapandishwa, wala nani alimshusha. Nilingoja aseme. Macho yangu yalikuwa chini, nikaona vidole vyake vya miguu, damu imekauka kwenye kucha. Hakusema, na Mama Zawadi naye hakusema, nami nikanyamaza.

Watoto wengi walipotea siku zile, na wengi walipatikana. Kulikuwa na hema ambako watu wenye mafulana meupe waliandika majina, na kila wiki tulisikia mama fulani amepigiwa simu. Zawadi hakuzima simu yake kwa mwaka mzima. Kantonye hakungoja simu. Alitembea kijiji kwa kijiji kandokando ya ziwa, Kirotshe, Bweremana, Minova, akashuka mpaka Kalehe. Akapanda Masisi. Jumapili aliingia kanisani, liwe la Katoliki au la Protestanti, akamwomba kiongozi atangaze: msichana wa miaka sita, sweta ya njano, alama kidevuni, ukimuuliza jina atakutajia na kuongeza kuwa ni wa Majengo. Mwaka uliofuata alibadilisha, akasema wa miaka saba. Kisha wa miaka minane, na sweta akaiacha kuitaja.

Alirudi nyumbani kila baada ya wiki tatu nne, akakanda miguu, akaondoka tena. Mama Zawadi alifariki katika safari mojawapo. Tulimngojea siku mbili kwa maziko, na alikuja kwa gari la kukodi, mara yangu ya kwanza kumwona akishuka kwenye gari. Zawadi alisimama upande wa pili wa kaburi. Hakuwa amegombana naye. Alimpikia, alimfulia, alimuuliza kama amekula. Lakini aliacha kutembea. Yeye aliyevuka Majengo yote pamoja nami tukiwa wasichana, alichukua moto hata kwenda kwenye bomba la maji, mahali unapoweza kurusha jiwe likafika.

Kisha vita vikafunga njia. Kila kizuizi kilimrudisha: mzee anayetoka huku kwenda kule kila mara ana habari gani? Alipigwa mara moja, akazuiwa siku tano, akaachiliwa bila viatu. Watu wa vijijini wakakimbilia mjini, mahema yakajaa kutoka Kanyaruchinya mpaka Bulengo, na hapo akapata nguvu mpya. Alinieleza ukutani, karibu kwa furaha, kwamba zamani yeye alifuata vijiji na sasa vijiji vyote vinamfuata yeye. Alipita hema kwa hema. Alijua majina ya watoto wa kambi nzima. Alipatanisha watu, alichimba mifereji kwa beleshi lake mvua ziliponyesha, na aliwakutanisha watoto wawili na mama zao kwa sababu alikuwa amemwona mmoja Bulengo na mwingine Kanyaruchinya. Hakuna aliyempa wake.

Vita vilipoingia mjini kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Alisimama kando ya barabara akiwatazama wakipita na maturubai vichwani. Baada ya hapo magoti yalimkataa.

Mwaka huu, mchana mmoja baada ya mvua, nilikuwa natoka Munigi kumwona mgonjwa. Pale ambapo moto wa mlima ulisimama watu wamejenga nyumba za mbao juu ya mawe yenyewe. Nilimkuta Kantonye ameketi juu ya jiwe, viatu vimefunguliwa kamba. Alikuwa ametoka nyumbani asubuhi na kufika hapo tu. Nilikaa kando yake. Mtoto alikuwa analia nyumba ya tatu, kilio kile cha kuachwa, na mama akatoka akamchukua.

Kantonye akasema: "Mutoto akilia barabarani, mimi ninashukuru Mungu. Huyo batamuona."

Nilimwambia asiseme hivyo. Akatikisa kichwa. Alisema kwa miaka hii yote watu wanadhani kinachomuuma ni gari. Gari linamuuma, ndiyo. Lakini kinachomwamsha ni jambo lingine. Alisema taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini: "Alinitii. Wengine balisimama bakalia, balipatikana. Wangu alitembea mbele, hakulia, kama nilimufundisha. Sijui alifika wapi. Kama alikuwa mukaidi, angekuwa nyumbani."

Nikamwambia lile nililokuwa nimelibeba. Nikasema ninataka Zawadi ajue kwamba mimi ndiye niliyemshusha mtoto, na kwamba niliona nafuu. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia hapana. Zawadi ana mtu mmoja wa kumkasirikia, inatosha, na mtu huyo ni mzee, karibu ataondoka. Mimi nitabaki. Akishaondoka yeye, Zawadi atakuwa na nani Majengo nzima kama si mimi?

Nilielewa basi kwamba ule ukimya wake wa Minova haukuwa wa kusahau.

Zawadi alitokea akiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Moto aliyopanda ilikuwa imemshusha barabarani, haiwezi kupita pale. Alikuwa amemtafuta baba yake tangu saa sita. Alipiga magoti akamfunga kamba za viatu. Mzee alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Tukamshika, Zawadi mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukaanza kuteremka. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri.

Tulipofika katikati ya mawe nilisema: "Zawadi, iko neno."

Mzee alinibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Nililisema hata hivyo. Nilisema Rehema alikuwa ameshakaa juu ya godoro, mimi ndiye niliyemshusha, nilitaka kunyoosha mguu.

Zawadi hakusimama. Hakuniangalia. Tulitembea hatua ishirini, labda thelathini, nikisikia pumzi za sisi watatu na kokoto zikivunjika chini ya viatu. Hakuuachia mkono wa baba yake, nami sikuuachia wangu. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea upande wa chini, kwenye kijia kilichopita kati ya nyumba.

"Tupite huku," alisema. "Huku mawe si mengi."